Magari ya Safari Yalikoishia
(Mhadhara wa wazi uliotolewa Voi, Kaunti ya Taita Taveta)



Pasaka ya mwaka 1965, mshindi wa mbio za magari za East African Safari alikuwa Joginder Singh, fundi wa magari aliyezaliwa Kericho, akiwa na ndugu yake Jaswant. Walikuwa na Volvo PV544, na gari lenyewe halikuwa jipya. Mwaka mmoja kabla, kiwanda cha Volvo kilikuwa kimeleta timu kutoka Uswidi, ikashindwa vibaya. Gari moja la timu hiyo likabaki huku. Joginder akalichukua likiwa limekwisha kuchoshwa na barabara zetu, akalitengeneza, akaingia nalo mashindanoni kwa gharama zake, na akawaacha nyuma madereva waliolipwa na viwanda vya Ulaya. Alikuwa dereva wa kwanza asiye Mzungu kushinda Safari. Oktoba ya mwaka uo huo Volvo wakaacha kutengeneza modeli hiyo.

Nimeanza na gari hilo kwa sababu limebeba karibu yote ninayotaka kuyasema. Gari la Safari lilikuwa na maisha kabla ya ushindi, na likawa na maisha mengine baada yake, na mara nyingi maisha hayo yote mawili yalikuwa ya kawaida kabisa. Tunapouliza kwa nini magari hayo yamesahaulika, tunakimbilia kulaumu uzembe wetu wa kutunza vitu. Uzembe upo, sikatai. Lakini sababu kubwa ni kwamba gari lilimaliza mbio, likaoshwa matope, likarudi barabarani kama gari lolote lile. Likabeba abiria. Likabeba magunia ya mahindi na nyanya za Wundanyi. Likauzwa kwa huyu, akaliuza kwa yule, na kila lilipobadilisha mikono, sehemu ya habari zake ilibaki kwa aliyeliuza.

Tangu mwanzo Safari ilipangwa iwe hivyo. Mbio za kwanza, mwaka 1953, ziliitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, wakati Kenya yenyewe iko chini ya hali ya hatari. Waliolianzisha wazo hilo, Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent, walitaka mbio za kukata nchi, za kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, badala ya kuzunguka uwanja mmoja. Magari yakagawanywa katika madaraja kwa bei yake dukani. Hebu fikirini maana ya sharti hilo: kilichokuwa kinajaribiwa ni gari ambalo mwalimu, mkulima au mwenye duka angeweza kulinunua mara tu baada ya mbio. Aliyepoteza pointi chache kuliko wote mwaka huo, Alan Dix, alikuwa na Volkswagen, kobe yule yule tuliyemzoea.

Kwa hiyo anayetafuta gari la Safari la miaka ya 1950 na 1960 asitegemee kukuta mnyama wa ajabu. Anatafuta gari la kawaida lenye makovu yasiyo ya kawaida.

Na kwa nini tuyazungumze haya Voi? Kwa sababu njia ya Safari, kwa miongo kadhaa, ilishuka kutoka Nairobi kuelekea pwani ikipita hapa, na hapa ndipo ilipopinda kuingia milimani. Barabara kuu ilipokuwa bado ya vumbi, magari yalitoka Mombasa, yakapita Mariakani, Samburu, Taru, Mackinnon Road na Maungu, udongo ukigeuka mwekundu zaidi na zaidi, hadi Voi. Kisha Mwatate, na kutoka Mwatate kupanda Wundanyi kwa zile kona ambazo hata leo, lami ikiwapo, dereva wa matatu huzipigia honi. Safari ilipobaki Kenya pekee, tangu katikati ya miaka ya 1970, waandaaji waliiviringisha njia ndani ya nchi moja, na Milima ya Taita ikawa mojawapo ya sehemu ambazo madereva walizitaja kwa jina. Pasaka huangukia masika. Anayeijua Taita wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi: chini tambarare kuna vumbi, juu kuna ukungu na utelezi, na kati ya viwili hivyo kuna mwendo wa chini ya saa moja.

Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza tena 7. Hesabuni wenyewe yaliyosalia njiani. Wanahistoria wa mbio huandika juu ya wale saba. Mimi nawafikiria zaidi wale wengine wote, maana kila gari lililokufa njiani lilifia mahali fulani, karibu na boma la mtu fulani, na mtu huyo aliliona.

Mji wetu umezoea kutunza aina nyingine ya chuma. Voi ni mji wa reli, na reli inajua kukumbuka. Makumbusho ya Reli kule Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, yana behewa ambamo Mwingereza aitwaye Ryall aliburutwa na simba pale Kima mwaka 1900. Behewa hilo lina namba yake na daftari lake, na habari zake hazina shaka. Limewezaje kubaki? Kwa sababu lilikuwa na mwenyewe mmoja siku zote. Shirika la reli lilikuwa na karani wa kuandika kila behewa lilikotoka na lilikokwenda. Gari la mtu binafsi halikuwa na karani. Lilikuwa na logbuku moja, iliyokaa kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro, na siku nyumba ilipovuja maji logbuku ikaenda na maji.

Na yale yaliyotunzwa vizuri zaidi yametunzwa mbali. Hili nalo Voi tunalifahamu kwa uchungu. Simba wawili wa Tsavo waliouawa mwezi Desemba 1898 walikaa miaka mingi kama mazulia nyumbani kwa Patterson, aliyewaua, kisha mwaka 1924 akawauza kwa jumba la Field Museum la Chicago kwa dola 5,000, na wako huko hadi leo. Sasa angalieni Datsun 240Z ya mwaka 1971. Liliendeshwa na Edgar Herrmann, mkaazi wa Kenya, pamoja na Hans Schüller, likiwa na namba 11 mlangoni na namba ya usajili TKS 33 SA 696 waliyokuja nayo Wajapani. Likashika nafasi ya kwanza, na 240Z nyingine ya Shekhar Mehta ikawa ya pili. Gari la Herrmann lilirudishwa Japani, na limo katika hazina ya magari ya zamani ya Nissan pale Zama, likiwa na makovu ya Safari mwilini. Matope yaliyolipa jina lake yalikuwa yetu. Anayetaka kuliona alipie nauli ya ndege.

Sisemi haya ili tuanze kugombana na Wajapani. Walilithamini, wakalichukua, wakalitunza, na nawapongeza. Ninachosema ni kwamba kuna aina mbili za magari ya Safari. Lipo lililokuwa mali ya kiwanda, lililoingia nchini kwa karatasi za muda za forodha na kwa kawaida likatakiwa kuondoka, au ushuru ulipwe. Hilo historia yake iko Ulaya au Japani. Na lipo lililokuwa la mtu wa huku au la wakala wa huku, ambalo halikuwa na pa kurudi. Hilo la pili ndilo letu kulitafuta, na hakuna mtu wa Nissan kule Zama wala wa Volvo kule Göteborg atakayekuja kututafutia.

Peugeot 404 ndilo mfano bora. Lilishinda mwaka 1963 chini ya Nick Nowicki na Paddy Cliff, likashinda 1966 na 1967 chini ya Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania, na 1968 Nowicki na Cliff wakarudi kushinda nalo tena. Ushindi mara nne katika miaka sita. Pijo likawa gari la nchi nzima: teksi, gari la daktari, gari la chifu, na pikapu zake ziliendelea kuundwa Kenya hadi 1991, miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuliacha. Wingi huo ndio uliolificha lile lililoshinda. Palipo na 404 elfu barabarani, nani ataligundua moja lililowahi kumaliza Safari?

Basi tulitafute. Nataka niwachukue polepole hapa, kwa sababu hii ndiyo kazi yenyewe na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Tuseme mtu wa Mwatate anakupeleka nyuma ya kinu cha kusaga, anakuonyesha bodi la 404 lililokalia mawe, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma, na anakuambia kwamba marehemu babake alisema gari hili lilikimbia Safari. Usimcheke. Usimwamini pia, bado. Omba ruhusa, piga picha kila upande kabla hujagusa kitu, kisha piga magoti nyuma ya gari.

Anza na bampa la nyuma na mlango wa buti. Gari la Safari liliponasa matopeni, mwelekezi, yule aliyemsomea dereva njia, alishuka akapanda juu ya bampa la nyuma, akashika mshikio uliofungwa kwenye buti, akarukaruka ili uzito wake uyakandamize magurudumu yanayosukuma. Kwa hiyo kulikuwa na vikanyagio na vishikio. Hata vikiwa vimeng'olewa miaka hamsini iliyopita, hubakiza matundu: mawili mawili, kwa nafasi sawa kushoto na kulia, na kwa ndani unakuta kipande cha bati kilichochomelewa kuimarisha mahali hapo. Fundi wa mtaani akitoboa buti ili afunge kufuli hatoboi hivyo.

Ingia ndani ya buti. Tafuta alama za tangi la pili la mafuta, na mahali pa kufungia magurudumu mawili ya akiba badala ya moja. Kisha fuata maungio ya bodi kwa kidole. Kiwandani bati huunganishwa kwa vidoti vya moto vilivyoachiana nafasi. Aliyeliandaa gari kwa Safari mara nyingi aliongeza mistari ya kuchomelea katikati ya vidoti hivyo, ili bodi lisifunguke kwenye mashimo. Mistari hiyo huhisika hata chini ya rangi tatu.

Njoo mbele, upande anapokaa abiria. Waelekezi walitumia chombo cha Kiswidi kiitwacho Halda, kilichohesabu umbali kwa usahihi kuliko mita ya kawaida. Kiliendeshwa na kebo ile ile ya mwendo, iliyogawanywa mara mbili. Angalia kwenye gia boksi kama kuna kipande cha kugawanya kebo, na kwenye ukuta wa injini, upande wa abiria, kama kuna tundu lenye mpira ambalo 404 za kawaida hazina. Hilo tundu moja, kwa maoni yangu, lina thamani kuliko hadithi kumi, kwa sababu hakuna mkulima wala dereva wa teksi aliyekuwa na haja nalo.

Fungua boneti. Injini ya 404 imelala upande, kwa pembe ya digrii 45. Nyingi zilikuwa na kabureta. Zile za mashindano zilikuwa na pampu ya Kugelfischer ya kusukuma mafuta kwa sindano, inayozungushwa na mkanda wenye meno. Pampu itakuwa imekwenda zamani, lakini mahali ilipokaa huonekana. Mwishowe lala chini, utafute boliti za bamba la chuma lililolinda injini dhidi ya mawe. Bamba lilichukua vipigo vyote, nazo boliti zilipinda kuelekea nyuma.

Sasa tahadhari. Tundu moja halithibitishi kitu. Watu wengi walifunga taa za ziada. Wenye mashamba ya mkonge walifunga mabamba ya chini bila kuota mashindano. Kukosekana kwa fremu ya mabomba ndani ya gari nako hakukanushi, maana magari mengi ya miaka ya mwanzo hayakuwa nayo. Thamani iko katika alama kadhaa kukutana kwenye bodi moja. Na zikikutana zote, bado kuna swali: je, lilikuwa gari la mashindano au la mazoezi? Timu zilizokuwa na uwezo zilikuja na magari ya kupitia njia wiki kadhaa kabla, yakiwa yameandaliwa karibu sawasawa na yale ya mbio. Hayo ya mazoezi ndiyo yaliyouzwa huku kwa wepisi zaidi. Mimi sioni aibu yoyote katika gari la mazoezi. Lilipanda Wundanyi mara nyingi kuliko lile lililopigwa picha. Lakini lisiitwe lisichokuwa.

Halafu kuna namba. Kwenye Volkswagen namba ya chesisi imepigwa juu ya bomba la katikati, chini ya kiti cha nyuma, na bodi linaweza kutenganishwa na sakafu. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na bodi la gari moja na sakafu ya jingine, na iliyoshinda ni sakafu. Kwenye 240Z ya usukani wa kulia namba huanza na HS30, nayo imepigwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Injini hubadilishwa, namba yake ni ushahidi dhaifu. Namba ya bodi ndiyo ya kushika. Ukishaipata, waandikie waliolitengeneza. Wolfsburg kwa Volkswagen, Sochaux kwa Peugeot na Göteborg kwa Volvo kuna majumba yanayohifadhi kumbukumbu hizo, na kwa kawaida wanaweza kukuambia gari lilitoka kiwandani lini, likiwa na rangi gani, likielekea nchi gani. Rangi ndiyo ya kuingojea kwa hamu. Kwangua kidogo mahali pasipoonekana, mpaka ufikie tabaka la mwisho kabisa, ulinganishe.

Karatasi zina ukaidi wake. Magari ya Kenya yalivaa herufi tatu zinazoanza na K, ya Uganda yakaanza na U, ya Tanganyika na T, hadi Kenya ilipobadilisha mtindo mwaka 1989 na kuongeza herufi ya mwisho. Kwa hiyo bamba lenye T lililookotwa Taveta halishangazi, mpaka uko hapo. Ila linakuelekeza Moshi au Dar es Salaam kabla ya kukupeleka Nairobi. Magazeti nayo yalichapa orodha ya washiriki kabla ya Pasaka: namba ya kuanzia, majina, aina ya gari. Ugumu ni kwamba gazeti linakupa namba ya mlangoni, na logbuku inakupa namba ya usajili. Kinachoziunganisha mara nyingi ni picha moja tu, inayoonyesha zote mbili kwa pamoja.

Ndiyo maana picha ya Safari si pambo. Mohamed Amin, yule mpiga picha aliyejulikana duniani kote baadaye, aliipiga Safari tangu akiwa mwanafunzi Dar es Salaam. Lakini wapiga picha wakubwa walisimama pale ambapo gari lingeruka au kupinduka. Watu wa hapa walisimama mbele ya nyumba zao. Picha ya familia imesimama kando ya barabara mwaka 1969, mtoto kabebwa mgongoni, na nyuma yao gari limepita nusu na bamba linasomeka: picha ya namna hiyo inaweza kufunga mjadala ambao wataalamu wa Ulaya wameshindwa kuufunga.

Nitoe mfano wa nguvu ya karatasi. Mwaka 1973, mwaka ambao Safari iliingia katika mashindano ya dunia, Shekhar Mehta na Harry Källström, wote wa Datsun, walimaliza wakiwa na pointi 406 za adhabu kila mmoja. Sare, baada ya maelfu ya kilomita. Ikabidi zifunguliwe kadi za muda na kutazamwa nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupoteza pointi. Alikuwa Mehta, kijana aliyezaliwa Uganda na kuhamia Kenya baada ya Waasia kufukuzwa mwaka uliotangulia. Vikaratasi vilivyogongwa mhuri usiku, kwenye kituo chenye taa ya karabai, ndivyo vilivyoamua bingwa. Nao waliogonga mihuri hiyo njiani walikuwa watu wa kujitolea, na baadhi yao huenda wana watoto wao humu ukumbini.

Sasa niseme linaloniudhi, na naomba mnivumilie. Tangu 2003 kuna East African Safari Classic, mbio za magari ya zamani, na mara nyingi zimepita katika kaunti hii. Nazipenda. Björn Waldegård, aliyeshinda Safari mwaka 1977 na Ford Escort, alirudi akashinda Classic mwaka 2007 na Escort, na 2011 akashinda tena na Porsche 911, mwanawe Mathias akiwa kando yake. Ni jambo la kupendeza sana. Lakini mengi ya magari hayo yameundwa upya kwa mfano wa yale ya kale. Ni mapya ndani ya sura ya zamani. Mbio hizo zimeamsha hamu, na hamu imeleta bei, na palipo na bei hutokea mtu wa kubandika namba ya kale kwenye bodi jingine. Wakati uo huo bodi la kweli, lenye tundu la Halda, linapimwa kwa kilo na mnunuzi wa vyuma chakavu. Mnakumbuka Januari 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya wizi wa nyaya na miundombinu. Mei ikafunguliwa tena kwa masharti. Masharti hayo yanalinda nguzo za umeme na reli. Gari bovu la marehemu babu halimo, na mwenye gari ana haki ya kuliuza. Hatuwezi kumlaumu aliyeuza kama hakuna aliyemwambia ana nini.

Kaunti hii imekwisha kuonyesha kwamba kazi ya namna hii inawezekana. Vita Kuu ya Kwanza vilipita hapa: reli ilitoka Voi mwaka 1915 kuelekea Maktau, na tarehe 12 Februari 1916 watu wengi wakafa pale Salaita. Kwa miaka mingi mahandaki ya vita hivyo yalikuwa mashimo ya mbuzi tu. Kisha watu wakayatembelea kwa miguu, wakayapima, wakaokota maganda ya risasi na vifungo vya sare, wakauliza wazee. Mwaka 2014 James Willson akachapisha kitabu chake Guerrillas of Tsavo, na leo wageni hupelekwa Maktau na Salaita kwa ajili hiyo tu. Vita vile vilikuwa na miaka karibu mia moja. Aliyevishuhudia hakuwapo tena wa kuulizwa. Safari ya 1971 ina mashahidi hai. Wengine nawaona kwenye viti vya mbele.

Kwa hiyo naomba tuanze na watu kabla ya vyuma. Mafundi wa Voi waliogongewa milango saa nane za usiku ili wachomelee mkono wa usukani. Akina mama waliopika chai na maandazi kwa wasaidizi wa timu waliolala ndani ya magari. Vijana waliosukuma magari matopeni kule juu, wakapewa shilingi au wasipewe. Waliokaa na redio wakisikiliza Sauti ya Kenya ikitangaza nani kapita kituo gani, kisha wakatoka nje mbio kuhakikisha kwa macho. Hao wanajua gari gani lilivutwa kwa trekta, likaachwa kwa nani, likauzwa lini. Hawajawahi kuulizwa, kwa sababu historia ya Safari imeandikwa na waliokaa ndani ya gari.

Nitakapoacha kuzungumza mimi, zamu ni yenu. Sitaki maswali kwangu kwanza. Kinasa sauti kiko pale mezani, na kijana aliye nacho ataandika jina la kijiji, mwaka kama unaukumbuka, aina ya gari, rangi yake, na namba ya mlangoni. Usipoukumbuka mwaka, tuambie ulikuwa darasa la ngapi, au mvua zilikuwaje. Wenye picha msizitoe kwenye fremu wala kuziacha hapa. Zipigwe picha mezani na mrudi nazo nyumbani. Na mzee uliyeniambia mlangoni kwamba uliwahi kuendesha pikapu iliyokuwa na vishikio viwili kwenye buti usivyojua vilikuwa vya kazi gani, tafadhali, ningependa uanze wewe.